UZI: Tuipasue 254254254254 kwa mkono: vigawo, baki na mzunguko wake

KokotoaKisumu
Wakuu, habari za jioni. Naweka mezani nambari moja tu: 254254254254. Ni msimbo wa simu wa Kenya umeandikwa mara nne bila nafasi. Kwa maneno ni bilioni mia mbili hamsini na nne, milioni mia mbili hamsini na nne, elfu mia mbili hamsini na nne, mia mbili hamsini na nne. Ina tarakimu 12, na ukizijumlisha unapata 44. Mtu akihesabu moja kila sekunde, usiku na mchana, ataifikia baada ya miaka 8,057 hivi.

Tuanze na vigawo tasa. Wengi wakiona nambari ya ukubwa huu hukimbilia mashine, na hii mlango wake uko wazi. Tazameni umbo: kila 254 imekaa nafasi tatu mbele ya mwenzake. Kwa hiyo:

254254254254 = 254 × 1001001001

Na 1001001001 nayo ina marudio ndani yake. Chukua 1001, izidishe kwa milioni, ongeza 1001: 1001000000 + 1001 = 1001001001. Maana yake ni 1001 × 1000001.

254 ni 2 × 127. 1001 ni 7 × 11 × 13, na hii afadhali kila mwanafunzi aikariri. Imebaki 1000001. Nani anaimaliza?

BusiaMpakani
Naona 1000001 ni tasa. Nimejaribu 3, 7, 11, 13, 17, 19 na kuendelea hadi 97. Zote zimeacha baki.

FundiBaki_Nakuru
Ndugu Mpakani, umesimama hatua moja tu kabla ya jibu. Tasa inayofuata 97 ni 101, na hiyo ndiyo inayoigawa. Kanuni ni kwamba hujatangaza tasa mpaka ujaribu tasa zote hadi kipeuo cha pili cha nambari yenyewe. Kipeuo cha pili cha 1000001 kinapita 1000 kidogo, kwa hiyo ulipaswa kwenda hadi 997. Ulipoishia 97 ulikuwa umemaliza kazi ya nambari isiyofika 10,201, yaani 101 × 101.

Ila hakuna haja ya kujaribu zote hizo. 1000001 ni 100³ + 1, na jumla ya vipeo vya tatu huvunjika hivi:

a³ + 1 = (a + 1)(a² − a + 1)

Weka a = 100: (101)(10000 − 100 + 1) = 101 × 9901. Hakikisha: 9901 × 100 = 990100, ongeza 9901, unapata 1000001.

BusiaMpakani
Nimekubali, asante. Na 9901 je? Kipeuo chake ni 99 na ushei, kwa hiyo tasa zile zile hadi 97 zinatosha?

FundiBaki_Nakuru
Zinatosha, ni tasa 25 kwa jumla. Lakini kuna njia ya kupunguza 25 ziwe 5, na nataka tuielewe vizuri kwa sababu itatusaidia tena tukifika kwenye desimali.

9901 = 10⁴ − 10² + 1. Tasa yoyote inayoigawa nambari ya umbo hili, ukiacha 2 na 3, lazima iache baki 1 ikigawanywa kwa 12. Sababu ni hii: kwa tasa ya namna hiyo, baki za 10, 100, 1000 na kuendelea hurudi kwenye 1 baada ya hatua 12 kamili, si kabla. Na urefu wa mzunguko wa baki daima huigawa tasa ikishapunguzwa moja. Basi 12 inaigawa tasa toa 1.

2 haiigawi 9901 maana ni witiri. 3 nayo haiigawi, jumla ya tarakimu ni 19. Chini ya 99, tasa zinazoacha baki 1 kwa 12 ni tano tu: 13, 37, 61, 73 na 97.

13 × 761 = 9893, baki 8.
37 × 267 = 9879, baki 22.
61 × 162 = 9882, baki 19.
73 × 135 = 9855, baki 46.
97 × 102 = 9894, baki 7.

Kwisha. 9901 ni tasa.

KokotoaKisumu
Safi kabisa. Basi tunaandika:

254254254254 = 2 × 7 × 11 × 13 × 101 × 127 × 9901

Vigawo tasa saba, kila kimoja mara moja tu, hakuna kilichojirudia. Anayetaka kuhakikisha kwa kugawanya, ngazi ni hizi: kwa 2 unapata 127127127127, kwa 7 unapata 18161018161, kwa 11 unapata 1651001651, kwa 13 unapata 127000127, kwa 101 unapata 1257427, kwa 127 unapata 9901. Angalieni marudio yanavyojificha polepole. Hadi 127000127 bado unaiona 127 pande zote mbili. 101 ikiingia, umbo linapotea.

Nyota_Kakamega
Mwalimu Kokotoa, samahani, mimi nimepata pia 17. Kalkuleta ya sayansi inaniandikia 254254254254 ÷ 17 = 1.49561326 × 10¹⁰, yaani 14,956,132,600 kamili bila desimali. Kwa nini haimo kwenye orodha?

FundiBaki_Nakuru
Dada Nyota, swali lako ni zuri, wengi hunaswa hapo. Kioo cha kalkuleta hiyo kinaonyesha tarakimu 10 tu. Jibu la kweli lina tarakimu 11 kabla ya nukta: 14,956,132,603.176… Tarakimu za mwisho na desimali yote zimekatwa kwa kukadiria, na zilipokadiriwa zikaangukia sifuri, ndiyo maana ukaona kama jibu ni kamili. Jaribu kurudi nyuma: 14,956,132,600 × 17 = 254,254,254,200. Imepungua 54.

Kalkuleta nyingi huweka ndani tarakimu zaidi ya zinazoonekana. Hata nambari yetu yenyewe ukiiingiza na kubonyeza sawasawa inaonyesha 2.542542543 × 10¹¹. Toa 254254000000 na mkia unatokea: 254254. Mbinu hiyo ya kutoa kichwa ili uone mkia itakufaa kila unapofanya kazi na nambari inayozidi kioo.

Lakini kwa swali la baki, weka mashine pembeni. Fanya kwa vipande vya tatu tatu. 254 kwa 17: 17 × 15 = 255, kwa hiyo baki ni −1. Na 1000 kwa 17 ina baki 14, ambayo ni sawa na −3. Sasa soma nambari kutoka kushoto, kila kipande unazidisha ulichonacho kwa −3 kisha unaongeza −1:

Kipande cha kwanza: −1.
Cha pili: (−1)(−3) − 1 = 2.
Cha tatu: (2)(−3) − 1 = −7.
Cha nne: (−7)(−3) − 1 = 20, yaani 3.

Baki 3. 17 haimo.

Nyota_Kakamega
Nimeelewa, nimeirudia kwa 13 nikapata sifuri. Kwa 13, 1000 ina baki −1, kwa hiyo vipande vinafutana: 254 − 254 + 254 − 254. Ndiyo sababu 7, 11 na 13 zinaingia pamoja?

FundiBaki_Nakuru
Ndiyo hasa. Zote tatu zinaigawa 1001, kwa hiyo kwa kila moja 1000 ni −1. Kwa 101 unachukua vipande vya tarakimu mbili kutoka kulia: 54 − 42 + 25 − 54 + 42 − 25 = 0. Kwa 9901 unachukua vya sita: 254254 − 254254 = 0. Mtu akikuandikia nambari yoyote ya tarakimu tatu mara nne, hata 738738738738, unaweza kumwambia hapo hapo kwamba 7, 11, 13, 101 na 9901 zote zimo.

TepuNaMkasi
Nimesoma uzi wote. Je, vigawo vyote, si tasa tu, ni vingapi? Mimi nimehesabu 14: saba tasa na wenzao saba.

KokotoaKisumu
Hapana mkuu, ni 128. Kila kigawo unakitengeneza kwa kuamua tasa gani iingie na gani ikae nje. Tasa saba, kila moja ina hali mbili: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 128. Zote zikikaa nje unapata 1. Zote zikiingia unapata nambari yenyewe. Nusu yake, 64, ni witiri, ndizo zile zisizo na 2.

Wale wa matatu wataona vigawo vya mtaani humo ndani: 7, 11 na 14. Abiria 254254254254 wangejaza gari za viti 14 bila kiti kuachwa wazi, gari 18,161,018,161. Kwa gunia la mahindi la kilo 90 haigawanyiki. Kilo 254254254254 zinabakiza kilo 44, maana mwisho wake ni 4 (baki kwa 10) na jumla ya tarakimu inaacha 8 (baki kwa 9). Nambari pekee chini ya 90 inayotimiza yote mawili ni 44.

Jumla ya vigawo vyote 128 huhitaji kuviorodhesha. Ongeza 1 kwa kila tasa, kisha zidisha:

3 × 8 × 12 × 14 × 102 × 128 × 9902 = 521,259,024,384

Toa nambari yenyewe: 267,004,770,130. Imeipita 254254254254. Vigawo vyake vinavyoitangulia, vikijumlishwa, vinaizidi kwa 12,750,515,876. Mara nyingi nambari ya namna hii tunaitarajia iwe na 2 na 3, au 2 na 5. Hii haina 3 wala 5. Chanzo cha wingi huo ni 2 × 7 × 11 × 13 = 2002. Vigawo vya 2002 vinajumlika 4,032, toa 2002 unapata 2,030. Imezidi kwa 28 tu. Ondoa tasa yoyote kati ya hizo nne na sifa inavunjika. Na nambari ikishakuwa na sifa hii, kila kigawe chake kinairithi.

TepuNaMkasi
Asante. Basi nami nichangie moja ya upande wa kazi ya vipimo. Chukua tepu ya fundi cherehani: upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, ndivyo ilivyokubaliwa kimataifa mwaka 1959. Si makadirio. Sasa fanya nambari yetu iwe milimita:

Milimita 254254254254 = kilomita 254,254, mita 254 na milimita 254.

Kwa inchi ni 10,010,010,010 kamili, bila desimali hata moja. Mstari huo ukizungushwa kwenye ikweta, ile inayokatiza karibu na Maseno, unaizunguka dunia mara sita na kubakiza kilomita 13,804, tukichukua mzunguko wa kilomita 40,075.

BusiaMpakani
Hiyo ya inchi sikuitegemea. Nimekagua, 10010010010 × 25.4 inatoka sawa.

SevaYaKondele
Kwa wanaoandika programu: msiiweke nambari hii kwenye nafasi ya biti 32. Inahitaji biti 38, maana iko kati ya 2³⁷ (137,438,953,472) na 2³⁸ (274,877,906,944). Ukiibana kwenye int ya Java kwa nguvu, unapata 851,183,790. Si uchawi: 254254254254 toa 59 × 4,294,967,296 ni hiyo. Ubaya ni kwamba jibu ni chanya na linaonekana la kawaida, hakuna onyo lolote.

Safu ya INT ya MySQL hufanya tofauti. Ikiwa haiko katika hali kali, inakata na kuweka 2,147,483,647. Hili linawapata wanaohifadhi nambari za simu zilizoanza na 254, kwa kuwa nazo zina tarakimu 12: unafungua jedwali unakuta wateja wote wana simu moja. Tumia BIGINT, au afadhali maandishi, kwa sababu nambari ya simu hatuijumlishi.

Kwenye jedwali la Excel iko salama, haijafika tarakimu 15. Inaonyesha 2.54254E+11 lakini ndani ni nzima. Badilisha umbizo la seli liwe la nambari bila desimali.

Nyota_Kakamega
FundiBaki, ulisema utarudi kwenye desimali. 1 ÷ 254254254254 inajirudia baada ya tarakimu ngapi?

FundiBaki_Nakuru
Tarakimu 84, baada ya tarakimu moja isiyojirudia. Hiyo moja inatoka kwa 2. Kwa tasa nyingine tunatafuta baki za vipeo vya 10 zinarudi kwenye 1 baada ya hatua ngapi:

7 hatua 6, 11 hatua 2, 13 hatua 6, 101 hatua 4, 9901 hatua 12. Hizi zote zinaingia ndani ya 12, ndiyo maana 1001001001 peke yake ina mzunguko wa 12.

Kazi iko kwa 127, na hapa pana utamu. 1000 kwa 127: 127 × 8 = 1016, kwa hiyo baki ni −16. Yaani 10³ ni sawa na −2⁴. Na 2⁷ = 128, ambayo kwa 127 ni 1, basi 2 ina mzunguko mfupi wa 7. Ipandishe −16 kwa kipeo cha 7: alama ya kutoa inabaki, 2²⁸ inakuwa 1, jibu −1. Kwa kipeo cha 14 linakuwa 1. Basi 10⁴² ni 1. Je, 10¹⁴ inaweza kuwa 1 mapema? 10¹⁴ = (10³)⁴ × 10² = 2¹⁶ × 100. Kwa 127, 2¹⁶ ni 4, na 4 × 100 = 400, baki 19. Si 1. Mzunguko wa 127 ni 42.

Kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 42 ni 84. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha 12 × 42 na kupata 504.

MweziWaKericho
Niongeze mbili za miraba. Nambari hii haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili. Miraba kwa 7 huacha baki 0, 1, 2 au 4, na hakuna mbili zisizo sifuri zinazojumlika 7. Kwa hiyo 7 ingelazimika kuigawa miraba yote miwili, na hapo 49 ingeigawa jumla. Sisi tuna 7 moja tu. Wala haiwezi kuwa tofauti ya miraba miwili, kwa sababu ina 2 moja: (a − b) na (a + b) ama zote shufwa, ama zote witiri. Miraba mitatu inatosha, maana kwa 8 inaacha baki 6.

BusiaMpakani
Mimi niko mpakani, nimewafanyia majirani. Tanzania, 255: 3 × 5 × 17, basi 255255255255 ina tasa nane tofauti na vigawo 256. Dada Nyota, 17 yako iko huko. Uganda, 256 ni 2⁸, hali tisa mara 32, vigawo 288. Kanuni yangu: vigawo vya msimbo mara 32. Zambia, 260 ina vigawo 12, basi 384.

KokotoaKisumu
Tanzania na Uganda ni sawa. Zambia umeteleza: 260 ni 2² × 5 × 13, na 13 tayari imo ndani ya 1001. Sasa ni 13², hali tatu, si mbili mara mbili. 2² hali tatu, 13² hali tatu, na 5, 7, 11, 101, 9901 hali mbili kila moja: 3 × 3 × 32 = 288. Kanuni yako inafanya kazi pale tu msimbo usiposhiriki kigawo na 7, 11, 13, 101 au 9901.

TepuNaMkasi
La mwisho kutoka kwangu: mstatili wenye eneo 254254254254, pande nambari nzima, ulio karibu zaidi na mraba. Kipeuo cha pili ni 504,236.3 hivi. Pande zipi?

KokotoaKisumu
Upande mfupi lazima uwe kigawo kikubwa kuliko vyote visivyozidi 504,236. Gawa kwa hali ya 9901.

Ikiwa imo, mwenzake asizidi 50. Kikubwa kinachopatikana ni 26, na 26 × 9901 = 257,426.

Ikiwa haimo, na 101 na 127 zimo zote mbili (12,827), mwenzake asizidi 39. Tena ni 26: 26 × 12,827 = 333,502. Ikiwa 127 imo bila 101, kikubwa ni 2002 × 127 = 254,254. Ikiwa 101 imo bila 127, ni 202,202. Zote mbili zikikosekana, hatupiti 2002.

Upande mfupi ni 333,502. Wa pili ni 7 × 11 × 9901 = 762,377.